Usiidharau Tanbihi

Ukishuka katika kituo cha mabasi yaendayo haraka pale Gerezani, masikio yako yatakwambia uko wapi kabla ya macho. Nyundo zinagonga mabati, mashine za kuchomelea zinavuma, na pembeni kuna mtu amelala chali chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Ni mtaa wa mafundi. Wengi wetu tunaujua kwa kazi ya mikono. Leo nataka kuuzungumzia kwa jambo ambalo watu hawalitarajii Gerezani, nalo ni kusoma. Tena nazungumzia kusoma yale maandishi madogo yanayowekwa chini kabisa ya ukurasa katika vitabu vya ufundi, yenye alama ya nyota au tarakimu ndogo mbele yake. Kwa Kiswahili huitwa tanbihi. Mimi maana ya neno hilo nilijifunza Gerezani, mwaka 1983, na aliyelipa ada ya somo lile hakuwa mimi.

Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, na lina undugu na kutanabahi. Mtu aliyetanabahi ni mtu aliyezinduka, aliyeng'amua jambo lililokuwa limempita. Kwa hiyo tanbihi, kwa asili yake, si pambo la ukurasa wala madaha ya wasomi. Ni mkono unaomtikisa mtu aliyesinzia.

Wazee wetu wa mwambao waliizoea desturi hii kabla injini ya kwanza haijanguruma hapa. Vitabu vya sheria ya Kiislamu vilivyochapwa Cairo na kusomwa Unguja, Lamu na Mombasa vilikuwa na matini katikati, na pembezoni mwake maelezo ya wanazuoni waliokuja baadaye, yaitwayo hashiya. Mwanafunzi alisoma matini, kisha mwalimu akampeleka pembeni, maana huko ndiko kulikokuwa na masharti: hukumu hii ni hivi, isipokuwa ikiwa hivi.

Huko Ulaya nako suala la mahali pa kuweka maelezo hayo lilizua malalamiko. Mwaka 1776 Mwingereza Edward Gibbon alitoa juzuu ya kwanza ya historia yake ya kuanguka kwa dola ya Warumi. Maelezo yake yalirundikwa mwisho wa kitabu. Mwanafalsafa David Hume, aliyekuwa mgonjwa na amebakiza miezi michache tu ya kuishi, alimwandikia mchapaji akilalamika kwamba msomaji anasumbuliwa kufunua kurasa huku na kule. Akashauri yashushwe chini ya ukurasa uleule au yawekwe pembeni. Katika matoleo ya baadaye yakashushwa chini, na huko ndiko tulikozoea kuyaona hadi leo.

Lakini, ndugu msikilizaji, kitabu cha historia na kitabu cha ufundi si kitu kimoja. Asiyesoma tanbihi ya Gibbon atakosa jina la kitabu fulani cha Kilatini, na maisha yataendelea. Asiyesoma tanbihi ya kitabu cha gari anaweza kukosa kidole.

Tukumbushane kwanza mashine zilivyofika hapa. Gerezani ni jina lililotokana na gereza, na neno gereza lenyewe wataalamu wa lugha wanasema tulilipata kwa Wareno, kwao likiwa na maana ya kanisa. Majirani zao wa Kariakoo nao wamebeba jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wale walibeba kwa vichwa na mabega kwa sababu mashine zilikuwa chache. Hata hivyo mashine zilikwisha kubisha hodi. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka hapa Dar es Salaam, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Mahali penye reli hapakosi karakana, na penye karakana hapakosi fundi. Baada ya reli yakaja malori na mabasi. Kampuni ya mabasi ya DMT ilipogawanywa mwaka 1974 tukapata UDA kwa safari za mjini na KAMATA kwa safari za mikoani, na jina la KAMATA bado limeganda katika njia panda ya Gerezani hata kwa vijana ambao hawakuliona basi lake.

Sasa angalia lugha za mashine hizo. Treni ya kwanza ilikuja na Kijerumani. Malori ya baadaye yakaja na Kiingereza. Baada ya Rhodesia ya Ian Smith kujitangazia uhuru wake haramu mwaka 1965, malori ya Fiat kutoka Italia yalipita nchini mwetu yakipeleka bidhaa Zambia. Wachina wakaleta mitambo ya kiwanda cha Urafiki, kisha reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. UDA ikaleta mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, na baadaye kidogo mji ukajaa magari ya Kijapani. Kila mashine ilikuja na kitabu chake, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilivyokutana navyo Gerezani kilichoandikwa kwa lugha ya mtu aliyelala chini ya gari.

Ndiyo maana nilipata kazi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1982, na mwanzoni mwa 1983 nikachukuliwa na gereji moja ndogo pale Gerezani. Sikuwa fundi. Fundi mkuu, mzee ambaye mikono yake ilijua injini kuliko mimi nijuavyo uso wangu, alinichukua kwa sababu nilisoma Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitabu magotini, nikisema kwa Kiswahili yale yaliyoandikwa. Mzee akisema, "Soma, mwanangu," nasoma. Nilijiona mtu mkubwa.

Siku moja likaletwa lori la Kiingereza, la aina iliyoundwa kwa ajili ya majeshi. Mwenyewe alikuwa amelipaka rangi upya lote, na magurudumu yake yakang'aa rangi ya fedha kuanzia kitovu hadi ukingoni. Tulitakiwa kutoa gurudumu la mbele tushughulikie breki.

Gurudumu lile, ndugu msikilizaji, halikuwa kama haya ya kawaida. Rimu yake ilikuwa nusu mbili, kama sahani mbili zilizowekwa mgongo kwa mgongo, zikabanwa pamoja kwa nati. Kwa hiyo usoni pake palikuwa na maduara mawili ya nati. Duara la ndani, karibu na kitovu, ndilo lililoshika gurudumu kwenye gari. Duara la nje ndilo lililobana zile nusu mbili za rimu. Ukilegeza za ndani, gurudumu linatoka kwa amani. Ukilegeza za nje wakati tairi limejaa upepo, upepo wote ule unazirusha nusu za rimu kama jiwe la manati.

Mzee alikuwa amekwenda kutafuta spea. Saidia fundi mwenzangu, kijana wa umri wangu, akachuchumaa na spana mkononi, akatazama yale maduara mawili, kisha akaniuliza, "Nati zipi?"

Nikatazama kitabu. Hatua ya tatu ilisema fungua nati, toa gurudumu. Mbele ya neno nati palikuwa na kinyota. Nilikiona kile kinyota. Chini ya ukurasa palikuwa na mistari miwili ya herufi ndogo, na karatasi pale chini ilikuwa imeingia grisi. Nikamjibu, "Kitabu kinasema fungua nati."

Akaanza na za nje kwa sababu ndizo zilizokuwa mbele yake. Alipofika nati ya nne au ya tano, mlio uliotoka uliwafanya watu wa gereji ya jirani walale chini. Alikuwa amekaa kwa pembeni kidogo, na hilo ndilo lililomponya. Rimu haikumpiga kifuani, ilimpiga mkono wa kulia. Mfupa ukavunjika mahali pawili, na mkono ule haukukamata spana tena.

Jioni mzee alirudi kutoka hospitali. Hakunigombeza. Aliketi juu ya ile ndoo yangu, akaniambia nisome ukurasa ule wote. Nikasoma. Akasema, "Na hicho cha chini." Nikafuta grisi kwa kidole, nikasoma kwa sauti: nati zilizopakwa rangi nyekundu zisilegezwe mpaka upepo wote umetolewa katika tairi. Mzee akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno mawili ambayo sijayasahau: "Kumbe waliandika."

Nimeyatafakari maneno hayo kwa zaidi ya miaka arobaini. Waliandika, ndiyo. Na walikuwa wameandika mara mbili. Mara ya kwanza juu ya chuma chenyewe. Kwenye magurudumu ya namna ile ya malori ya kijeshi ya Kiingereza, nati za duara la nje zilipakwa rangi nyekundu makusudi, ili hata asiyejua kusoma ajue kwamba hapa haguswi mtu. Ile rangi nyekundu ilikuwa tanbihi iliyobandikwa mahali penyewe pa hatari. Mwenye lori, kwa kutaka lori lipendeze, aliifuta bila kujua kwamba anafuta maandishi. Mara ya pili waliandika kitabuni, lakini wakayasukuma maandishi yale chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo kuliko zote, mahali ambapo dole gumba la fundi hushika.

Hapo ndipo ninapowalaumu waandishi wa vitabu vile, pamoja na kujilaumu mwenyewe. Jambo la kufa na kupona halikai miguuni pa ukurasa. Hukaa kabla ya hatua yenyewe, ili jicho likutane nalo wakati mkono bado haujafika kwenye nati. Na wenzetu duniani hawakuzaliwa wakilijua hilo, walifundishwa na maiti. Huko Marekani, baada ya mafundi wengi wa matairi kuuawa na rimu za vipande, serikali ilitoa kanuni maalumu mwaka 1980: upepo utolewe kwanza, tairi lijazwe likiwa ndani ya kizuizi cha chuma, na mfanyakazi afundishwe kabla ya kugusa. Mwaka 1991 viwango vyao vya alama za usalama vilipanga maneno kwa ngazi. Neno la juu kabisa ni la hatari ambayo itaua, linalofuata ni la hatari inayoweza kuua, na la mwisho ni la madhara madogo. Vitabu vya ndege na vya majeshi navyo hutenganisha: onyo ni kwa ajili ya mwili wa mtu, tahadhari ni kwa ajili ya chombo, na maelezo ya kawaida ni kwa ajili ya kuelewesha. Ukichanganya vitatu hivi katika kapu moja liitwalo "Zingatia", msomaji atavipa vyote uzito wa kile chepesi.

Liko hata jambo ambalo wengi hawalijui. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lililoanza kazi mwaka 1947, lina kanuni za namna ya kuandika viwango vyake. Mojawapo inasema kwamba maelezo ya ziada yaliyowekwa katika matini hayaruhusiwi kubeba sharti. Yanaweza kufafanua, hayawezi kuamuru. Kama ni lazima, liandikwe katika mwili wa maandishi. Lakini tanbihi ya jedwali yenyewe imeruhusiwa kubeba sharti. Kwa hiyo, fundi, ukiona kinyota kimeganda kwenye tarakimu ya jedwali, simama. Huenda chini kule kuna amri.

Sasa nirudi Gerezani, maana hadithi haikuishia kwenye mkono uliovunjika. Kesho yake mzee alichukua brashi na rangi nyekundu, akaandika ukutani kwa herufi za urefu wa shibiri: TOA UPEPO KWANZA. NATI ZA NJE SI ZA GURUDUMU. Hiyo ilikuwa tanbihi ya kwanza ya Kiswahili niliyowahi kuiona katika ufundi, na hakuiandika msomi.

Tangu siku ile akabadili utaratibu. Kila nilichosoma alitaka kiandikwe kwa penseli pembeni mwa kitabu, kwa Kiswahili. Ile ilikuwa miaka ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa adimu, spea hazipatikani, na fundi alilazimika kujua kifaa cha gari hili kinavyoweza kuokoa gari lile. Pembezoni mwa vitabu vyetu pakajaa. Kitabu kimoja kilipima nguvu ya kukaza boliti kwa pauni na futi, kingine kwa kilogramu na mita, basi tukaandika kwamba 72 ya Mwingereza ni kama 10 ya Mjapani. Kitabu kiliposema boliti za kichwa cha injini zikazwe tena baada ya kilomita 1,000, mzee aliniamuru niandike: "Yaani safari moja ya Iringa, kwenda na kurudi." Dereva yeyote alielewa. Kwenye malori kadhaa ya Kiingereza nati za magurudumu ya kushoto hufunguka kinyume na zile za kulia, nasi tukaandika, kwa sababu kijana mmoja alikwisha kukata boliti mbili kwa kutumia nguvu upande usio wake.

Ukisoma kurasa zile ungeona historia ya mji huu kwa upande wa chini ya gari: yapi yalikuja, yakaharibikia wapi, nani aliumia, na dawa ilikuwa nini. Kila mstari wa penseli ulikuwa na kisa nyuma yake. Ndivyo ilivyo kwa kila tanbihi ya hatari katika kitabu chochote cha ufundi duniani. Aliyeiandika hakuota. Kuna mtu aliyetangulia.

Viko wapi vitabu vile leo? Mzee alifariki katika miaka ya tisini. Gereji ikafungwa, zana zikagawanywa, na vitabu vikauzwa kwa kilo kwa wauza karanga wa Kariakoo. Nilipopata habari, karatasi zilikwisha kuwa vikoba vya karanga. Ukuta wenye maandishi mekundu nao umebomolewa, na pale sasa ni ghorofa.

Wapo watakaosema kwamba fundi wa Kiswahili hasomi, anajifunza kwa kuona. Najua kuna ukweli ndani yake, na simdharau anayejifunza kwa macho. Wachina wa TAZARA nao walifundisha sana kwa vitendo. Lakini jicho huona kilichopo. Kijana yule aliona nati za rangi ya fedha, zote sawasawa. Jicho halikuweza kumwambia kwamba chini ya ile rangi kulikuwa na nyekundu. Hivi leo vijana wanajifunza kwa picha za video katika simu, na ni jambo jema. Ila mikono ile ya kwenye video hufanya kazi haraka, nayo mara nyingi haisemi ilichokwepa.

Wapo pia watakaosema Kiswahili hakina maneno. Hilo nalikataa. Baraza la Kiswahili la Taifa tunalo tangu 1967, na limetoa vijitabu vya istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Na kabla ya hao wote, Gerezani ilikwisha kusema nati, boliti, spana, rimu na upepo. Maneno hayakupungua. Kilichopungua ni mtu wa kuyashusha hadi chini ya ukurasa.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wanaoingiza mashine, pikipiki na bajaji, pamoja na Shirika la Viwango lililoundwa mwaka 1975: kama hamwezi kutafsiri kitabu kizima, anzeni na maonyo, tena yawekwe kabla ya hatua. Kwa walimu wa ufundi wa VETA: mfundisheni mwanafunzi kwamba kinyota ni sehemu ya sentensi, na asiyekifuata hajamaliza kusoma. Na kwa mafundi wa Gerezani wenyewe: wekeni daftari. Kila mtu akiumia, kila chombo kikikataa, andikeni mstari mmoja na tarehe. Msingoje mgeni aje kuandika.

Rafiki yangu wa ile spana yupo. Kwa miaka mingi aliuza nati na boliti kuukuu kwa kilo, palepale Gerezani, akipima kwa mkono wa kushoto. Mteja akija na lori, kabla hajaulizwa bei, husikia kwanza: "Umetoa upepo?" Hajawahi kunitupia lawama. Kila nikimsikia akiuliza vile, najua kwamba anasoma mistari miwili ambayo mimi sikuisoma.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Na tanbihi, ndugu msikilizaji, ni mwiba uliolala miguuni pa ukurasa.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.